Kura Tatu za Jimbo la Magharibi

Neno jimbo limebeba maana mbili katika historia ya Tanganyika. Zamani za utawala wa Waingereza lilitumika kwa sehemu kubwa ya nchi iliyowekwa chini ya mkuu mmoja wa serikali. Na baada ya sehemu hizo kugawanywa kuwa mikoa, neno likabaki kwa eneo linalompeleka mbunge Bungeni. Katika mwaka 1958 maana hizo mbili zilikutana. Jimbo la Magharibi, ambalo makao yake yalikuwa Tabora, na ambalo lilikusanya Tabora, Nzega, Kigoma, Kasulu, Kibondo, Mpanda na wilaya nyingine, lilifanywa lote kuwa eneo moja la uchaguzi, nalo likatakiwa kupeleka wajumbe watatu katika Baraza la Kutunga Sheria: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Huo ulikuwa uchaguzi wa kwanza wa aina yake katika nchi hiyo. Lakini haukuwa mara ya kwanza kwa watu wa Tabora kushindania swali la nani ana haki ya kumweka mtawala. Na anayetaka kuuelewa uchaguzi wa mwaka ule hana budi kuanza nyuma zaidi.

Katika Unyanyembe ya karne ya kumi na tisa mtemi hakujiweka mwenyewe. Alitoka katika ukoo wa utawala, lakini katika ukoo huo walikuwapo wengi waliostahili, na kazi ya kumteua mmoja wao ilikuwa ya wazee na wanyampara waliozunguka ikulu. Uteuzi huo ulikuwa wa wachache, tena wa faragha. Hata hivyo ulikuwa uteuzi, kwa maana mtemi alijua kwamba wako watu ambao bila ridhaa yao asingekalia kiti. Mambo yalibadilika kadiri njia ya misafara ilivyozidi kuwa na faida. Tabora ilikuwa mahali njia zilipogawanyika: moja ikienda Ujiji na kuvuka ziwa, nyingine ikielekea kaskazini, Karagwe na Buganda, na zote zikirudi pwani, Bagamoyo, zikiwa na pembe za ndovu. Fundikira wa kwanza alipofariki mwishoni mwa miaka ya 1850, Mnywa Sele alishika utemi akaanza kuwatoza ushuru wafanya biashara wa Kiarabu waliokaa mjini. Hao walikataa. Mnamo mwaka 1860 wakamwondoa kwa nguvu za bunduki na kumsaidia Mkasiwa kukaa mahali pake. Tangu hapo ikawa dhahiri kwamba wapo wachaguzi wengine, wasio wa ukoo wala wa baraza la wazee, ambao kura yao ilikuwa mali na baruti.

Wadachi walipofika hawakufanya jambo geni. Walifanya lile lile kwa nguvu kubwa zaidi. Isike, aliyetawala tangu mwaka 1876, alipigana nao kwa muda, na Januari 1893, boma lake lilipovunjwa na askari wa Tom von Prince, akajilipua kwa baruti kuliko kutekwa. Baada yake kiti kilikaliwa na Nyaso, aliyekubaliwa na Wadachi. Mwaka 1912 reli ya kati ikafika Tabora, na biashara ya mabega ya wapagazi ikaanza kufa. Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yakautwaa mji, kisha Waingereza wakaurithi. Gavana Donald Cameron, aliyefika mwaka 1925, alileta utaratibu wa kutawala kwa kupitia watemi, na sheria ya mwaka 1926 ikawapa watemi hao mamlaka yaliyoandikwa. Kwa nje ilionekana kwamba mila imerudishwa. Kwa ndani lilikuwa limebadilika jambo moja kubwa: mtemi aliyekuwa akiwaogopa wazee sasa alimwogopa mkuu wa wilaya, kwa sababu ndiye aliyeweza kumtoa.

Mwaka huo huo wa 1926 ndipo Baraza la Kutunga Sheria lilipoanzishwa Dar es Salaam. Kwa miaka kumi na tisa hakuketi Mwafrika hata mmoja ndani yake. Mwaka 1945 wakateuliwa wawili, Abdiel Shangali wa Uchagani na Kidaha Makwaia wa Usukuma, wote watemi, wote kwa hiari ya gavana. Baraza lilipopanuliwa mwaka 1955, gavana Edward Twining alitangaza kwamba wajumbe wasio wa serikali watakuwa thelathini, kumi kwa kila taifa: Waafrika kumi, Waasia kumi, Wazungu kumi. Utaratibu huo uliitwa usawa. Hesabu ya watu ya mwaka 1957 ilionyesha ulikuwa usawa wa namna gani. Waafrika walizidi milioni nane na nusu. Waasia, hata wakijumlishwa pamoja na Waarabu, hawakufika 100,000. Wazungu walikuwa 20,000 na ushei. Mizani iliyosawazisha uzito wa namna hiyo ilikuwa imeshikwa kwa kidole.

Sheria ya uchaguzi ya mwaka 1957 iliendeleza usawa huo hadi ndani ya sanduku la kura. Kila mpiga kura alitakiwa kuwachagua watu watatu, mmoja wa kila taifa. Akimchagua mmoja tu, au wawili, karatasi yake iliharibika. Tena si kila mtu aliyeruhusiwa. Mpiga kura alipaswa kuwa na umri wa miaka 21, awe amekaa nchini muda uliowekwa, na juu ya hayo awe na mapato ya paundi 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au awe ameshika kazi fulani zilizotajwa katika sheria. Paundi 150 zilikuwa shilingi 3,000. Mkulima wa Nzega, mvuvi wa Kigoma, kibarua wa reli pale Tabora, hakuna aliyeweza kuziota. Walioweza kupita katika tundu hilo walikuwa makarani, walimu, wafanya biashara, na watu wa mabaraza ya watemi.

Na hapo palikuwa na fundo ambalo mara nyingi husahauliwa. Tangu mwaka 1953 watumishi wa serikali walikuwa wamekatazwa kujiunga na vyama vya siasa. Mwalimu wa shule ya serikali na karani wa bomani, ambao ndio hasa waliokuwa na elimu na mshahara wa kuwapa haki ya kura, hawakuwa na ruhusa ya kuwa wanachama wa TANU. Na maelfu ya watu waliokuwa na kadi za TANU, ambao ndio walioujaza uwanja kila mkutano ulipoitishwa, hawakuwa na haki ya kura. Chama kilikuwa na watu bila kura, na kura zilikuwa za watu wasioruhusiwa kuwa na chama. Kuingia katika uchaguzi kwa hali hiyo kulikuwa sawa na kupeleka msafara porini bila kujua kama wapagazi watatokea asubuhi.

Hili ndilo lililokuwa mbele ya wajumbe wa TANU walipokutana Tabora, Januari 1958, kwa mkutano wao mkuu wa mwaka. Mji wenyewe haukuwa mgeni kwa rais wa chama. Julius Nyerere alisoma katika shule ya serikali ya Tabora tangu mwaka 1937, akarudi baadaye kufundisha katika shule ya Mtakatifu Maria mpaka mwaka 1949 alipokwenda Edinburgh. Mwezi mmoja tu kabla ya mkutano, Desemba 1957, alikuwa amejiuzulu kiti cha kuteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria baada ya kuona kwamba hoja zake hazisikilizwi. Wengi walitazamia kwamba mtu aliyetoka katika Baraza kwa hasira hawezi kuwaomba wenzake waingie humo kwa mlango uliokuwa mbaya zaidi.

Waliotaka uchaguzi ususwe walikuwa na hoja nzito. Walisema kwamba kura tatu ni tusi. Kwamba kumlazimisha Mwafrika amchague Mzungu ili kura yake mwenyewe ihesabiwe ni kumfanya akubali kwa mkono wake kile alichokikataa kwa mdomo. Na kwamba chama ambacho wakati ule kilipokea wanachama Waafrika peke yao kingeonekana kituko kikisimama majukwaani kuwaombea kura watu ambao hakiwezi hata kuwauzia kadi. Zuberi Mtemvu alikuwa miongoni mwa walioshikilia msimamo huo, wala hakuwa peke yake. Mkutano ulipoanza, haikuwa dhahiri kwamba upande wa Nyerere ungeshinda.

Hoja ya upande wa pili haikujaribu kuonyesha kwamba utaratibu ni mzuri. Ilikubali kuwa ni mbaya, kisha ikauliza: TANU ikikaa nje, nani atakayeingia ndani? Jibu lilikuwa wazi. Chama cha UTP, kilichoanzishwa mwaka 1956 kwa kuungwa mkono na Twining, kingejaza viti vyote bila jasho, na kingekuwa na wajumbe Waafrika wa kuonyesha mbele ya Umoja wa Mataifa, ambao Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wake tangu mwaka 1946. Serikali ingesema: hawa ndio waliochaguliwa. TANU ingebaki na uwanja wa mikutano na hasira ya watu. Na hasira isiyo na njia ya kisheria hutafuta njia nyingine. Kenya jirani ilikuwa imekwisha onyesha njia hiyo inafika wapi.

Mkutano ulikubali kuingia. Pamoja na hayo uliazimia kudai serikali ya madaraka mwaka 1959, na kuweka wazi kwamba dai hilo likikataliwa chama kitafikiri hatua nyingine, mgomo ukiwa mojawapo. Mtemvu alijitoa, akaanzisha chama chake, African National Congress. Azimio lenyewe likaja kujulikana kwa jina la Uamuzi wa Busara, na kwa jina hilo limeingia katika vitabu vya shule.

Uchaguzi ulifanywa kwa awamu mbili. Jimbo la Magharibi lilikuwa katika awamu ya kwanza, Septemba 1958, pamoja na majimbo ya Kaskazini, Tanga, Mashariki na Nyanda za Juu Kusini. Mengine yakafuata Februari 1959. Wiki chache kabla ya awamu ya kwanza Nyerere alihukumiwa kwa makala yaliyowakashifu wakuu wawili wa wilaya, akaamriwa kulipa faini ya paundi 150 au kukaa gerezani miezi sita. Faini ililipwa. Kiasi chake kilikuwa sawasawa na mapato ya mwaka mzima yaliyompa mtu haki ya kupiga kura.

Walioandikishwa katika nchi nzima hawakuzidi 60,000 kwa awamu zote mbili. Waafrika, ambao walikuwa wengi katika daftari, walifanya kile ambacho Twining hakukitazamia: walikitumia kifungo kama ufunguo. Kwa kuwa kila mmoja alilazimishwa kuwachagua Mwasia na Mzungu, wapiga kura Waafrika ndio waliokata shauri ni Waasia gani na Wazungu gani wataingia Barazani. Nao waliwachagua wale TANU ilionao urafiki. Ndivyo walivyopita watu kama Derek Bryceson na Sophia Mustafa katika Jimbo la Kaskazini, na Lady Chesham katika Nyanda za Juu Kusini. Nyerere alimshinda Patrick Kunambi katika Jimbo la Mashariki kwa tofauti kubwa. UTP ilianguka, wala haikuinuka tena. Oktoba 1958 gavana mpya, Richard Turnbull, alilifungua Baraza kwa maneno yaliyokubali kwamba serikali ya nchi hiyo itakuwa ya Waafrika walio wengi. Usawa wa kidole ulikuwa umekwisha.

Tabora ilitoa pia mmoja wa mawaziri wa kwanza. Julai 1959 wajumbe watano wasio watumishi wa serikali waliingizwa katika baraza la mawaziri, na mmoja wao alikuwa Abdallah Said Fundikira, mtemi wa Unyanyembe. Katika nafsi yake historia mbili zilikutana: ya kiti alichokirithi kwa ukoo na ya kiti kilichotokana na kura. Lakini hazikukaa pamoja kwa muda mrefu. Mwaka 1963 utemi ulifutwa kwa sheria katika Tanganyika nzima, na mwaka huo huo Fundikira akatoka serikalini.

Mpaka hapo hadithi ni ya ushindi, na vitabu vingi huishia hapo. Lakini kitu chochote kilichonunuliwa kina bei, na bei ya Uamuzi wa Busara ililipwa baadaye kidogo kidogo. Uchaguzi wa 1958 uliwafundisha watu kwamba kazi ya mpiga kura ni kuwathibitisha wale ambao chama kimekwisha wachuja. Katika hali ya mwaka ule mafunzo hayo yalikuwa ya lazima, kwa sababu mgeni alikuwa mezani na nidhamu ndiyo iliyokuwa silaha. Lakini nidhamu ina desturi ya kukaa hata baada ya mgeni kuondoka. Agosti 1960 masharti ya kupiga kura yalilegezwa, na walioandikishwa wakafika karibu 885,000. Viti vikawa 71. Katika viti hivyo, 58 havikupigiwa kura kabisa, kwa maana hakuwapo mtu wa kushindana na mgombea wa TANU. Kati ya vyote 71, TANU ilikosa kimoja tu, kile cha Mbulu, kilichochukuliwa na Herman Sarwatt aliyesimama peke yake. Basi watu wengi waliopata haki ya kura kwa mara ya kwanza hawakuwa na wa kumpigia wala wa kumnyima. Mwaka 1962 Mtemvu alishindana na Nyerere kwa urais akapata kura 21,000 na ushei, mwenziwe akipata zaidi ya milioni moja na laki moja.

Viongozi wenyewe waliliona tatizo. Wasingeunda tume ya kufikiri namna ya kuleta demokrasia ndani ya chama kimoja kama wangeamini kwamba kupita bila kupingwa ni afya. Katika utaratibu ulioanza kutumika mwaka 1965, mkutano wa TANU wa wilaya uliwapigia kura walioomba, halmashauri kuu ya taifa ikawateua wawili, na wawili hao wakawekwa mbele ya wananchi, mmoja kwa alama ya jembe, mwingine kwa alama ya nyumba. Haikuwa mchezo. Mawaziri walianguka, na Paul Bomani, mtu mashuhuri wa ushirika wa pamba, alikuwa mmoja wao. Wananchi walipewa uwezo wa kumtoa mtu. Hawakupewa uwezo wa kukitoa chama. Anayekumbuka desturi ya Unyanyembe ataona mfano: wazee huteua kutoka katika ukoo mmoja, na uhodari wote wa kuchagua hufanyika ndani ya ukoo huo.

Ukoo ulifunguliwa mwaka 1992, baada ya tume ya Jaji Francis Nyalali kupendekeza vyama vingi ingawa wengi wa waliohojiwa walitaka chama kimoja kiendelee. Fundikira, akiwa mzee sasa, alikuwa miongoni mwa viongozi wa chama kipya cha UMD. Na mzaliwa mwingine wa Tabora, Ibrahim Lipumba, aligombea urais kwa tikiti ya CUF mwaka 1995. Hata hivyo jimbo la Tabora Mjini lilionyesha jinsi desturi ilivyo na mizizi. Mwaka 2005 mbunge alikuwa Siraju Kaboyonga. Mwaka 2010 akawa Ismail Aden Rage. Mwaka 2015 akawa Emmanuel Mwakasaka. Watu watatu kwa chaguzi tatu, na wote wa CCM. Hapana budi kukiri kwamba wapiga kura wa mji huo hawakuwa watu wa kumng'ang'ania mbunge. Lakini mashindano yaliyobadilisha jina yalipita kwanza katika kura za maoni za chama, ambazo si kila mwananchi anaruhusiwa kuzipiga.

Mfano wa mwisho ni Igunga, katika mkoa huo huo. Rostam Aziz alijiuzulu ubunge mwaka 2011, na Oktoba 2 mwaka huo ukafanywa uchaguzi mdogo uliovuta macho ya nchi nzima. Vyama vikubwa vilipeleka viongozi wake wote. Helikopta zilitua katika vijiji ambavyo havikuwa na barabara nzuri. Dk. Peter Kafumu wa CCM alipata kura 26,484 na Joseph Kashindye wa CHADEMA akapata 23,260. Mahakama Kuu mjini Tabora ikatengua matokeo mwaka 2012, na Mahakama ya Rufani baadaye ikamrudishia Kafumu kiti chake. Hatimaye, miaka hamsini na mitatu baada ya kura tatu, watu wa magharibi walikuwa na uchaguzi ambamo upande wowote ungeweza kushinda, na ambamo aliyeshindwa alikwenda kwa hakimu badala ya kwenda kwa baruti.

Lakini katika daftari la Igunga walikuwamo watu zaidi ya 170,000, na waliokwenda kupiga kura hawakufika 54,000. Mwaka 1958 sheria iliwaweka nje wengi, na wachache walioruhusiwa walijua wanabeba karatasi kwa niaba ya wale waliozuiwa. Mwaka 2011 hapakuwapo sharti la paundi 150 wala la darasa la nane, na theluthi mbili walikaa nyumbani kwa hiari yao. Sababu zake ni nyingi, na si zote ni za lawama. Yako majina ya waliokufa na waliohama, uko umbali wa vituo. Hata hivyo hesabu hiyo inawadai watu jibu. Wajumbe waliokutana Tabora Januari 1958 walibishana juu ya namna mbaya ya kupiga kura, na wote, waliotaka kuingia na waliotaka kususa, walikubaliana bila kusema kwamba kura yenyewe ni kitu cha thamani kiasi cha kugawanya chama. Imani hiyo ndiyo mtaji waliouacha. Mtu aliyelala siku ya uchaguzi kwa sababu anaamini jambo limekwisha amuliwa mahali pengine, huyo amerudi pale alipokuwa mwananchi wa Unyanyembe mwaka 1860, akisikia kwa mbali kwamba mtemi amebadilishwa.